Njia Tuliyopita Kumtafutia Kashata Daktari

Kila mmoja wenu amesikia kipande. Kuna aliyesikia kwamba nilipanda lori la chumvi. Kuna aliyeambiwa kwamba nilirudi nikinuka tembo la mnazi. Na mtu fulani amemwambia mume wangu pale msikitini kwamba nilimzalisha ng'ombe Kaloleni. Yote ni kweli, ila hayakutokea kwa mpangilio huo. Kwa hiyo nayaandika hapa mara moja, jinsi yalivyofuatana, nisije nikayasimulia mara ishirini barazani.

Kwa asiyemjua, Kashata ni sungura wangu. Ni dume, mweupe, ana mabaka ya rangi ya sukari iliyoungua, na jina lake limetoka hapo. Aliletwa kwangu na jirani yetu Mtaliano, mama mpole aliyekuwa na nyumba nyuma ya yetu. Alibisha hodi siku moja, akaniomba nimwangalizie mnyama wake kwa wiki mbili. Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga na Kitaliano changu ni cha sokoni, basi mpaka leo sijui kama alisema wiki mbili au alisema kwaheri. Huu ni mwaka wa nne.

Mwaka ule ule dada yangu Mwanajuma alifariki. Wengi wenu mlikuja matangani, lakini hamkuniona baada ya arubaini. Sikuwa nikitoka. Nilikuwa nikiamka, nakaa kitandani nikiutazama ukuta, mpaka namsikia Kashata akikwaruza mlango wa uani kwa kuwa hajapewa mchicha. Basi nainuka, navaa buibui, naenda sokoni kwa ajili yake. Ukienda sokoni lazima usalimiane na watu. Hivyo ndivyo nilivyorudi duniani. Nalisema mapema ili asiwepo wa kuniuliza kwa nini nilihangaika siku nzima kwa sababu ya sungura.

Malindi, alfajiri

Jumapili jioni Kashata alikataa mchicha. Nikasema ni joto. Jumatatu baada ya sala ya alfajiri nilimkuta kwenye kona ya ua, amejikunja kama mpira wa uzi, macho yamefumba nusu, anasaga meno. Niligusa masikio yake, yalikuwa ya baridi. Nikatazama sakafu. Sungura mzima huacha vipira vyake vya mavi kila mahali, nami hufagia mara mbili kwa siku. Asubuhi ile hapakuwa na hata kimoja.

Mume wangu, Bwana Athmani, alisimama mlangoni na tasbihi yake mkononi.

"Amekufa?" aliuliza.

"Hajafa. Hajala tangu jana na hajapata choo."

Akafungua mdomo kama mtu anayetaka kusema neno, kisha akaufunga, akaingia ndani. Niliona ajabu, maana Athmani si mtu wa kukosa la kusema, hasa kuhusu Kashata, ambaye kwa miaka yote hiyo amekuwa akimwita "mgeni wako."

Nilimpigia simu kijana wa tuktuk anayetuchukua siku zote. Nikamwambia aje upesi, nina mgonjwa mahututi. Alifika haraka, akaingia mpaka ukumbini akikunja mikono ya shati.

"Yuko wapi, mama? Tumshike kwa mabega au tumtoe na godoro lake?"

Nikamwonyesha kikapu cha ukindu, nimekifunika kwa kawa ili jua lisimpige. Akafunua kawa, akamtazama Kashata, akanitazama mimi. Sitasahau jinsi alivyojizuia asicheke. "Basi twende," alisema, "mgonjwa ni mgonjwa."

Daktari wa wanyama aliye karibu nasi alikuwa amesafiri. Tukaenda duka la dawa za mifugo, lilikuwa ndiyo kwanza linafunguliwa. Muuzaji alikuwa mwepesi wa mikono: hata sijamaliza maelezo alishatoa chupa na sindano.

"Hii inatibu kila kitu. Kuku, mbuzi, punda."

"Umewahi kumtibu sungura?"

Akafikiri kidogo. "Nimewahi kumla."

Nilikivuta kikapu kwangu. Bwana mmoja aliyekuja kununua dawa ya kupe akanionea huruma, akasema Bwana Katana, afisa wa mifugo, yuko Marereni tangu jana kuchanja mbuzi. Tulijaribu simu yake, haikupatikana. Nikasimama pale kizingitini nikihesabu: nikingoja arudi mjini ni jioni, na Kashata hatafika jioni. Nikamwambia kijana anipeleke kwenye magari ya kwenda Garsen.

Marereni

Njia ya kwenda kaskazini mwaijua, sina haja ya kuieleza. Nilikaa mbele kando ya dereva, kikapu magotini, kidole kimoja chini ya kawa kikigusa mbavu za Kashata. Kila zikipanda na kushuka nilisema alhamdulillahi. Nilisema mara nyingi sana mpaka dereva akadhani naogopa mwendo wake, akapunguza kasi. Ikabidi nimwambie, "La, mwanangu, ongeza!"

Marereni niliteremka karibu na kibanda cha chai, mahali wanapokunywa wafanyakazi wa mashamba ya chumvi kabla ya kuingia kazini. Walikuwa wanaume kama kumi, miguu yao myeupe kwa chumvi mpaka kwenye magoti. Walipoona mwanamke wa buibui ana kikapu kilichofunikwa kwa kawa wakafurahi.

"Karibu, mama! Leo ni mahamri au ni vitumbua?"

Kabla sijajibu mmoja alikwisha kuinua kawa. Kashata akafumbua jicho moja. Yule bwana akairudisha kawa taratibu sana, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba cha kulala cha watu, akasema, "Samahani." Wenzake wakamcheka mpaka chai ikawamwagikia. Lakini ndiye aliyenichukua kwa miguu mpaka uwanjani, mahali Bwana Katana alipokuwa.

Kulikuwa na mbuzi wengi kiasi kwamba kwanza niliwasikia, ndipo nikawaona. Wenye mbuzi wamepanga foleni, wengine wametembea tangu usiku. Nami nikaingia katikati na kikapu changu. Mama mmoja akaniambia kwa ukali kwamba kuna foleni. Nikamwomba radhi, nikamfunulia. Akatazama, akageuka na kuwapigia kelele wengine kwa Kigiriama, na ghafla njia ikafunguka mpaka mbele. Sikuelewa alichosema. Baadaye Bwana Katana aliniambia: aliwaambia wanipishe haraka, kwani sungura huyo ana ugonjwa wa kuambukiza.

Bwana Katana ni mtu mzima, mrefu, ana sauti ya chini. Alivua glavu, akampapasa Kashata tumboni kwa vidole viwili, akaweka sikio lake pale pale kwenye manyoya, katikati ya kelele za mbuzi.

"Tumbo limenyamaza," alisema. "Halisagi kitu. Sungura si kama mbuzi, mama. Tumbo lake likisimama siku moja, moyo nao hufuata."

"Mtibu, basi."

"Ningeweza kukudanganya nikamchoma sindano, ukaondoka umeridhika. Mimi ni mtu wa mbuzi. Dawa ninazobeba, nyingine zaweza kumwua huyu." Akaniuliza kama kuna mtu amemchoma chochote. Nilipomwambia habari ya dukani akatikisa kichwa. "Ulifanya vyema kukimbia. Nenda Kilifi. Kuna binti, Daktari Mapenzi, amesomea wanyama wadogo. Mweke mgonjwa katika joto, na usimlazimishe kula kabla daktari hajamwona."

Nikauliza nitafikaje Kilifi upesi, maana nimetoka huko huko kusini na sasa nalazimika kurudi njia yote. Akaelekeza mkono barabarani. Lori lilikuwa limeegeshwa, limejaa magunia ya chumvi, na dereva wake alikuwa amekuja na mbuzi wake wawili kuchanjwa.

Lori la chumvi

Dereva anaitwa Chengo. Ni mtu wa makamo, hasemi sana. Kupanda lori kwa buibui si kazi rahisi. Nilisukumwa kutoka chini na yule mama aliyekuwa mkali, na nikavutwa kutoka juu na Bwana Chengo, na kikapu kilipitishwa dirishani kama mtoto. Mbuzi wake wawili akamwachia jirani. Alipowasha injini, redio ikaanza kupiga kelele. Akaizima.

"Wagonjwa hawapendi kelele," alisema, na hakusema kingine mpaka Gongoni.

Nilimpigia Athmani, nikamwambia tunapita Malindi lakini hatusimami, na kwamba nahitaji chupa ya maji ya moto kumpasha Kashata. Akasema atakuwa kando ya barabara kuu. Sikumtarajia, kwa kuwa magoti yake yanamsumbua na kutoka nyumbani mpaka pale ni mwendo. Lakini tulipokaribia nilimwona kwa mbali, amesimama juani na kofia yake, amekumbatia furushi. Bwana Chengo akasimamisha lori bila kuambiwa.

Athmani hakuweza kupanda. Alinyoosha mikono, nami nikainama dirishani nikapokea chupa iliyofungwa kwa kanga yangu ya zamani, na mfuko wa viazi vya karai kwa ajili yangu. Nilikuwa naketi niliposikia anaita.

"Rukia!"

"Naam!"

"Kuna jambo!"

Nyuma yetu gari lilikuwa linapiga honi. "Sema!"

"Nilimpa visheti!"

Nilidhani sikusikia vizuri. Ilibidi arudie, kwa sauti kubwa zaidi ya injini, katikati ya barabara kuu ya Malindi, mbele ya wauza ndizi na watu wanaongoja magari. Visheti vya arusi ya Jumamosi. Na kabla ya hapo, mahamri, kipande kila siku anaporudi msikitini.

"Tangu lini?" nilipiga kelele.

"Tangu mwaka jana!"

"Na visheti vingapi?"

Aliinamisha kichwa, akasema kitu ambacho sikukisikia, bali Bwana Chengo aliyekuwa na dirisha lake wazi alikisikia. Lori likaondoka. Mwaka mzima nimemwosha mnyama yule masikio, nimemchagulia majani, na mume wangu anamlisha sukari kwa siri!

"Alisema nini mwishoni?" nilimwuliza Chengo.

Akabadilisha gia kwanza. "Alisema, ananipokea mlangoni."

Mpaka Gede niliyageuza maneno hayo kichwani. Bwana Athmani, aliyemwita mgeni. Anarudi alfajiri, nyumba nzima imelala, na kuna mmoja tu anayemjia mlangoni. Hasira haikuisha, sitawadanganya. Lakini niliila chakula chake. Viazi vilikuwa bado na moto, na alikumbuka kuweka ukwaju kando.

Baada ya Matsangoni gurudumu moja la nyuma likapasuka. Sauti ilikuwa kama bomu, Kashata akashtuka, na mimi nilishukuru kwamba amepata nguvu za kushtuka. Bwana Chengo akashuka akazunguka, akarudi na uso wa mtu anayeleta habari ya msiba. Kulibadilisha kungechukua saa nzima. Nilikaa chini ya kivuli cha lori lenyewe, chupa ya moto upande mmoja wa Kashata na paja langu upande wa pili. Mama mmoja akatoka nyumba ya jirani na muhogo wa kuchoma wenye pilipili na ndimu. Aliponiona nimeinamia kikapu, midomo inatembea, akauliza kwa upole, "Ni mjukuu?"

"Ni sungura."

Akakaa chini kando yangu, akanikatia muhogo, akabaki pale mpaka gurudumu likaisha kufungwa. Hakuniuliza neno jingine. Sikumwuliza jina, na najuta.

Kilifi

Tulifika Kilifi adhuhuri. Bwana Chengo aliliacha lori kando ya barabara akanifuata mpaka mlangoni kwa daktari, amenibebea kikapu kwa mikono miwili. Mlango ulikuwa umefungwa. Juu yake karatasi: *Nimeitwa kwa dharura Kaloleni. Nitarudi jioni.*

Hapo ndipo nilipolia. Sikulia alfajiri wala Marereni, lakini pale mbele ya mlango uliofungwa machozi yalinitoka kama mtoto. Mwenye duka la jirani alitoka na kiti. Akasema daktari ameitwa katika shule moja ya misheni, ng'ombe wao ameshindwa kuzaa. Tulimpigia simu daktari mara tatu, hakupokea.

"Tukae tumngoje?" nilimwuliza Bwana Chengo, kana kwamba ni ndugu yangu na ni juu yake kuamua.

Aliinua kawa. Kashata alikuwa amelala ubavu. Sungura halali ubavu hivyo mbele ya watu asiowajua.

"Tusingoje," alisema. "Mimi naelekea Mombasa. Nakuacha njia panda ya Mavueni, hapo magari ya Kaloleni hayakosekani."

Tulivuka daraja. Mavueni aliniteremsha, akanipa kikapu, akasimama kidogo akitafuta la kusema. "Mimi nilikuwa na mbwa," alisema mwishowe, akapanda lori lake akaenda.

Mavueni hadi Kaloleni

Magari hayakosekani, alisema. Siku hiyo yalikosekana. Nilisimama nusu saa, jua la utosi, mpaka ikaja pikapu iliyojaa madumu matupu, na madumu yale, Mungu anisamehe, yalikuwa yakinuka tembo la mnazi kiasi kwamba nzi waliyafuata kama jamaa wanavyofuata bwana arusi. Dereva alikuwa mwanamke, mnene, amejifunga leso mbili, anarudi kutoka Kikambala alikowapelekea wateja wake mnazi. Akatoa kichwa.

"Wapi, dada?"

"Kaloleni."

Akalitazama buibui langu, akayatazama madumu yake. "Utapanda?"

Nilipanda. Anaitwa Kadzo. Alipojua nilichobeba akafurahi sana.

"Sungura! Nyama yake tamu. Wapelekea wageni?"

"Nampeleka hospitali."

Akacheka akipiga usukani kwa kiganja, akidhani ni mzaha. Nikafunua kawa. Alitazama barabara, akamtazama Kashata, akatazama barabara tena, na kicheko kikaisha.

"Huyu anakufa," alisema.

"Najua."

Basi Kadzo akakanyaga mafuta. Barabara ile inapanda vilima na kushuka, kona juu ya kona, minazi huku na huku, na kila tulipopinda madumu yaliruka nyuma kwa kishindo. Dumu moja lililobakiwa na mnazi likamwagika, ukapenya kwenye tundu la dirisha la nyuma, ukanilowesha bega zima. Kadzo alitaka kusimama anipanguse. Nikamwambia, "Endesha tu, dada yangu, nitaoga nyumbani." Daktari Mapenzi, Kadzo anamjua, aliwahi kumtibia mbuzi wake. Akaniambia njiani, "Ana mikono midogo, lakini mikono ile, we!"

Ng'ombe kwanza

Shule ilikuwa imefungwa kwa likizo. Nyuma ya madarasa, kwenye zizi, nilimwona msichana mwembamba ambaye ningemdhania mwanafunzi, amepiga magoti, mkono wake wa kulia umezama ndani ya ng'ombe mpaka begani. Aliposikia hatua aligeuza uso, jasho likimtiririka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mgonjwa kutoka Malindi."

"Mgonjwa gani?"

"Sungura. Tumbo limesimama tangu jana."

Alifumba macho kidogo, kama anayepiga hesabu. "Anapumua vipi?"

"Haraka haraka. Masikio baridi."

"Mama, nisikilize. Nikimwacha huyu sasa, nawapoteza wawili, yeye na ndama. Mguu wa ndama nimeshaunyoosha, imebaki kuvuta. Mlinzi hapa peke yake hatoshi. Mkinisaidia, dakika chache tu namshika wako."

Nilimkabidhi Kashata kwa mpishi wa shule, mama aliyekuwa akichambua mboga kwenye baraza ya jiko. Nikafunga buibui kiunoni. Mimi, mwanamke wa Malindi mjini, ambaye maziwa nayajua kwenye pakiti, nilishika kamba iliyofungwa miguu ya ndama, nyuma ya mlinzi, na Kadzo akashika nyuma yangu.

"Ng'ombe akisukuma, vuteni. Akipumzika, pumzikeni. Sasa!"

Tukavuta. Nilikuwa namwomba Mungu amtoe ndama upesi kwa ajili ya Kashata, kisha bila kujua nikawa namwombea ng'ombe mwenyewe, maana alikuwa akilia kwa sauti ambayo kila mwanamke aliyezaa anaijua. Mara ya nne kamba ikalegea ghafla, tukaanguka wote watatu chali juu ya nyasi, na ndama akawa yuko chini, amelowa, hatikisiki. Daktari akamsafisha pua, akamsugua mbavu kwa nyasi kwa nguvu. Ndama akapiga chafya.

Daktari hakungoja pongezi. Alikuwa tayari ananawa.

Juu ya dawati

Alimlaza Kashata juu ya dawati la darasa la kwanza, juu ya kanga yangu. Akampima joto, akamsikiliza tumbo pande zote mbili, akamtazama meno kwa kurunzi ndogo.

"Mara ya mwisho alikula nini?"

Niliona haya. "Visheti."

"Visheti?"

"Vya arusi. Mume wangu."

Aliuma mdomo asicheke. "Vingapi?"

"Hilo hakulijibu."

"Basi ni vingi." Lakini nikaona mabega yake yameshuka kidogo, na akaniambia kwamba ni afadhali kujua, alikuwa anaogopa kwamba kuna kitu kimeziba matumbo, na hapo pangehitaji kupasuliwa. Alimchoma sindano ya maumivu kwanza, na baada ya muda mfupi ule msago wa meno ukakoma. Kisha akamtia maji chini ya ngozi ya shingo mpaka akatokeza nundu kama ya ngamia. Akanifundisha kumkanda tumbo, taratibu, kwa vidole viwili, huku yeye akimdondoshea uji wa majani mdomoni kwa bomba la sindano lisilo na sindano.

"Sasa?" nikauliza.

"Sasa tungoje. Akipata choo, amepita hatari. Asipopata mpaka jua kutua, nitakwenda naye Kilifi."

Akavuta pua. "Mama, samahani kukuuliza. Umekunywa?"

Kadzo aliyekuwa mlangoni alicheka mpaka akashika ukuta, na ikabidi yeye aeleze.

Mpishi alitupakulia sima na mboga ya mchunga, ile chungu, iliyopikwa kwa nazi. Nilikula kwa mkono mmoja, mwingine juu ya tumbo la Kashata. Sijapata kula chakula kitamu kama kile, ingawa nilikuwa nimeshiba viazi na muhogo. Daktari alikula akiwa amesimama, akienda kumtazama ndama na kurudi. Saa tisa ikapita. Saa kumi. Nilianza kujipanga moyoni jinsi nitakavyomwambia Athmani bila kumtwisha mzigo wote.

Ndipo nikahisi kitu chini ya kiganja. Kama mtu anayegonga mlango kutoka mbali. Kikagonga tena. Nikamwita daktari, akaweka kipimo chake, akanipa nami masikioni. Kulikuwa na ngurumo ndogo mle ndani.

Kashata akainuka. Akasimama kwa miguu yake minne juu ya dawati, akatetemeka, na kipira kimoja kidogo kama punje ya pilipili manga kikadondoka juu ya kanga.

Nilipiga kelele ambayo nadhani ilisikika mpaka sokoni. Mpishi alikuja mbio na mwiko mkononi, akidhani mnyama amekufa. Nilimwonyesha. Kadzo akapiga kigelegele, mpishi akapokea, mlinzi akaacha zizi akaja kuona ni arusi gani, na sote watano tukasimama tumeyazunguka mavi ya sungura tukifurahi kama watu waliopokea mtoto. Cha pili kikaja, na cha tatu. Mpishi akaleta jani moja bichi la mchunga lililosalia kwenye ungo, akaliweka mbele yake. Kashata alilinusa kwa muda mrefu. Kisha akaliuma.

Daktari Mapenzi akakaa chini, kwa mara ya kwanza tangu nifike, kwenye kiti cha watoto cha darasa la kwanza, akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Wawili leo," alisema. "Watatu, na ndama."

Kurudi

Daktari alinirudisha Kilifi kwa gari lake, akanipa dawa na maagizo: nyasi, majani, maji, hakuna mahamri, hakuna visheti, hata siku ya Idi. Kutoka Kilifi nilipata gari lenye nafasi ya mbele. Abiria wa kando yangu alisogea mbali kidogo kwa sababu ya harufu ya bega langu, na sikujali. Kashata alikuwa anatafuna ndani ya kikapu. Nilisikiliza sauti ile njia nzima mpaka Malindi, sikuwa na haja ya kuingiza kidole tena.

Nilifika magharibi imekwisha kuingia. Athmani hakuwa amekwenda msikitini. Alikuwa ameketi kwenye kigoda uani, ua umefagiwa, hajawasha taa. Alisimama kwa shida.

"Yu hai?"

"Yu hai."

Alifunika uso kwa viganja, akakaa hivyo. Nilikuwa nimetunga maneno mengi tangu Gede, makali na yaliyopangwa vizuri, na hata moja sikulitumia. Nilimshika mkono nikamketisha, nikaweka kikapu chini, nikakiinamisha. Kashata alitoka polepole, nundu yake ya maji imeshuka mpaka kifuani. Akamnusa Athmani vidole vya mguu. Akanitazama mimi. Kisha akapiga teke sakafuni, kwa nguvu, *pwa!*, akatugeuzia mgongo sote wawili, akaenda zake kona ya ua, akaketi ametazama ukuta.

"Amekasirika," alisema Athmani.

"Amekasirika kweli," nikasema. Na tulikaa pale gizani, mume wangu na mimi, tukiutazama ule mgongo mdogo mweupe, tukicheka na kufuta machozi, mpaka mwadhini wa isha akaanza kuita.